Jiwe Nyuma ya Gurudumu: Uhakiki wa Picha za Magari katika Njia Ngumu

Mwishoni mwa muhula uliopita sisi walimu wa Kiswahili wa Gisenyi tulikutana kama ilivyo desturi yetu, na safari hii ukuta wa chumba cha mkutano ulikuwa umebandikwa picha. Zilikuwa thelathini na kitu, nyingi zimepigwa na wanafunzi kwa simu za mkononi, na chache zimepigwa na walimu wenye kamera. Zote zilikuwa za jambo moja: magari yanayopita katika njia ngumu. Chini ya kila picha palikuwa na insha fupi, maana kusudi letu lilikuwa kumzoeza mwanafunzi kueleza kwa Kiswahili sanifu jambo analoliona kila siku kwa macho yake.

Insha zilisahihishwa kwa kalamu nyekundu. Picha hazikusahihishwa. Zilitazamwa, zikasifiwa kwa adabu, kisha zikabanduliwa. Kwa maoni yetu huo ulikuwa upungufu, kwa sababu makosa tuliyoyakuta katika insha aghalabu yalikuwa yameanzia katika picha. Mwanafunzi aliyeandika kwamba "barabara ilikuwa mbaya sana", bila kusema ilikuwa mbaya kwa namna gani, ndiye yule yule aliyepiga picha ambayo ndani yake barabara haionekani. Katika makala haya tunakusudia kuzihakiki picha hizo kwa vipimo vile vile tuvitumiavyo katika fasihi, yaani maudhui na fani, tukitumaini kwamba zoezi la mwaka ujao litakuwa bora zaidi.

Njia ngumu ni nini kwetu

Mji wetu uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, chini ya milima ya volkeno, na ng'ambo ya mpaka ni Goma. Barabara kuu zimetiwa lami. Lakini ukiiacha lami tu, unaingia katika vijia vya udongo vinavyopanda vilima na kugeuka sabuni wakati wa mvua, au unakutana na mawe meusi ya volkeno yanayokata tairi kama wembe. Nyiragongo ililipuka mwaka 1977, mwaka 2002 na mwaka 2021. Mwezi Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma, na watu kwa maelfu wakakimbilia kwetu. Mwezi Mei 2021 lava ilikata barabara ya kaskazini mwa mji huo, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba hapa Rubavu. Kisha, usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa iliujaza mto Sebeya. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, na wilaya yetu ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi.

Tunayakumbusha haya ili ieleweke kwamba kwetu sisi njia ngumu si mchezo wa siku ya mapumziko. Ni njia ya viazi kwenda sokoni, ya mgonjwa kwenda hospitali, na ya mwalimu kwenda shuleni. Anayeipiga picha ana jukumu la kusema kweli juu yake.

Picha zilizotufunza kutazama

Hata hivyo wanafunzi wetu hawakuanza kutazama leo. Macho yao yamefunzwa na picha nyingi zilizotangulia. Gari la Land Rover lilionyeshwa hadharani mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na Toyota ikatoa mwaka 1951 gari lililokuja kuitwa Land Cruiser. Tangu hapo matangazo ya biashara yamemzoeza mtazamaji kuliona gari likiwa peke yake juu ya jabali, safi, bila mzigo wala abiria, kana kwamba limeshushwa kutoka mbinguni.

Afrika ya Mashariki ilikuwa na shule yake nyingine ya picha, nayo ni mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na magari 7 tu yakafika mwisho. Mwaka 1968 vile vile yalifika 7. Wenyeji wa nchi hizi walipata sifa kubwa humo: Joginder Singh alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta alishinda mara tano, mwaka 1973 na kisha mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Picha za zamani za mashindano hayo zinazopendeza mpaka leo ni zile zinazomwonyesha mtazamaji sababu ya magari mengi hivyo kushindwa. Ndani yake mna tope lenyewe, kina chake, na watu wa kijijini walioingia humo miguu mitupu wakasukuma.

Mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, safari hii katika nchi ya Naivasha, picha zilizoenea zaidi zilikuwa za aina mbili: gari mbele ya wingu la vumbi, na gari pamoja na twiga au punda milia. Kamera zilikuwa bora mno, na wapigaji walikuwa mahodari. Lakini mtu akizitazama picha kumi za namna hiyo kwa mfululizo, yamkini hataweza kusema njia ilikuwa na ugumu gani. Vumbi limekuwa pambo, na twiga amekuwa muhuri wa kuthibitisha kwamba hii ni Afrika. Wanafunzi wetu wameziona picha hizo katika simu zao, wakaziiga.

Maudhui

Walimu wa lugha tunajua kwamba sentensi kamili ina kiima na kiarifu. Tukizipima picha zetu kwa kanuni hiyo, tunazikuta katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, ni picha zenye kiima bila kiarifu. Gari limo, limepigwa vizuri, linang'aa. Lakini halitendi neno. Limesimamishwa juu ya jiwe na dereva ameegemea mlango. Picha kama hiyo ingeweza kupigwa mbele ya duka. Njia ngumu imegeuzwa kuwa zulia la kukanyagia.

Fungu la pili ni picha zenye kiarifu bila kiima. Hapa maji au tope limeruka juu na kufunika kila kitu. Tunajua kwamba kitendo kikubwa kimetokea, lakini aliyetenda haonekani. Kwa kuvuka kijito, wakati wa kupiga ni kabla ya mruko huo kufikia kilele, pale wimbi dogo linapotangulia mbele ya bampa na magurudumu bado yanaonekana nusu. Hapo mtazamaji hujua kina cha maji, maana anaona yamefika kitovu cha gurudumu au yamekipita.

Fungu la tatu lina picha tano tu, nazo ndizo zilizotupa moyo. Tutaitaja moja. Ilipigwa na msichana wa kidato cha tatu, kwa simu ya kawaida, asubuhi baada ya mvua. Pikapu iliyobeba magunia ya viazi inapanda mteremko wa udongo. Gurudumu la nyuma la kushoto limezama katika mfuo, na la mbele la kulia limekaribia kuachana na ardhi. Magunia yamelalia upande mmoja. Pembeni, juu kidogo, mwanamke mwenye beseni kichwani amejitenga na njia ili gari lipite, naye amesimama wima kabisa.

Wenzetu wengi walimhesabu mwanamke huyo kuwa ni mtu aliyeingia katika picha kwa bahati mbaya. Sisi tunasema kwamba yeye ndiye anayeifanya picha isomeke. Jicho linajua kwamba mtu mwenye beseni kichwani husimama wima, la sivyo beseni litaanguka. Basi kwa kulinganisha wima wake na ulalo wa gari, tunaujua mteremko bila kuambiwa. Tena tunajua kwamba njia hiyo si ya gari peke yake. Hiyo ni sentensi kamili.

Fani

Sasa tuingie katika namna ya kutenda, maana msichana huyo alifaulu kwa sababu zinazoweza kufundishwa.

Kwanza, mahali pa kusimama. Anayesimama juu ya kilima na kulipiga gari linalopanda kumwelekea huuondoa mteremko katika picha. Njia huonekana kama uwanja tambarare. Vivyo hivyo anayesimama nyuma ya gari na kutazama juu moja kwa moja. Ulalo wa njia huonekana vizuri kwa mtu aliyesimama ubavuni. Na akichuchumaa mpaka kamera ifikie kimo cha ekseli, mashimo yatapata kina na mawe yatapata kimo. Picha nyingi ukutani zilikuwa zimepigwa kwa kimo cha mtu aliyesimama, na ndiyo maana mawe yaliyomtesa dereva yalionekana kama kokoto.

Tuongeze neno juu ya lenzi. Simu nyingi zina lenzi pana, nayo ikisogezwa karibu mno huikuza bampa na kuufanya mlima kuwa kichuguu. Heri kurudi nyuma hatua kadhaa. Mwenye kamera ya lenzi ndefu asimame mbali zaidi, na kona za njia zitarundikana moja juu ya nyingine jinsi jicho la msafiri linavyozihofu.

Pili, unyofu wa kamera. Picha nne zilikuwa zimepigwa kwa kuipinda kamera ili njia ya kawaida ionekane kama genge. Mojawapo ilikuwa na Ziwa Kivu nyuma ya gari, na ziwa lenyewe lilikuwa limeinama kuelekea upande mmoja kama maji katika sinia. Maji ya ziwa hayajui kupanda mlima. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na hapa ilikuwa fupi mno: mtoto wa darasa la nne aliyekuja na mama yake ndiye aliyeuliza kwa nini ziwa halimwagiki. Mpigaji na ahakikishe kwanza kwamba kilicho wima kimebaki wima, iwe ni mkaratusi, pembe ya nyumba au mtu. Mteremko ukiwa wa kweli utajitetea wenyewe.

Tatu, mwendo. Kamera ikifunguka na kufunga kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, meno ya tairi huhesabika na gari la mbio huonekana kama limeegeshwa. Kwa gari linalokwenda kasi, inafaa kushuka mpaka sehemu moja ya mia na ishirini na tano, au ya sitini, huku mpigaji akilifuata gari kwa kamera taratibu, kiuno kikigeuka na miguu ikitulia. Gari litabaki wazi, na magurudumu na majani ya kando yatachirizika. Lakini juu ya mawe ya lava gari hutambaa kuliko mtu anavyotembea, na hila hiyo haifai. Hapo mwendo uko katika mwili wa gari: springi iliyobanwa upande mmoja na kunyooka upande wa pili, tairi lililobonyea juu ya ncha ya jiwe, gurudumu lililoning'inia. Anayetaka kuupata asubiri pale gari linapokuwa limejipinda kabisa, kabla halijajiweka sawa. Na uso wa dereva uonekane, kwa kuwa ndipo mawazo yote ya gari yalipo.

Nne, mwanga. Sisi tuko chini ya digrii mbili kusini mwa ikweta, na jua la mchana hutusimamia utosini. Kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri vivuli hujificha chini ya vitu vyake, na njia yenye mashimo huonekana kama imepigwa pasi. Kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa kumi alasiri jua hupita ubavuni, na kila mfuo hupata kivuli chake. Ardhi ile ile, iliyokuwa bubu adhuhuri, huanza kusema.

Hapa kwetu kuna taabu moja zaidi ambayo vitabu vya upigaji picha havishughuliki nayo sana. Mawe yetu ni meusi na magari mengi ya mashirika ni meupe. Kamera hupima mwanga kwa wastani. Ikiona weusi mwingi hudhani ni giza, nayo huongeza mwanga. Matokeo yake jiwe linakuwa la kijivu kama majivu, na gari jeupe linaungua mpaka mlango na dirisha havitofautiani. Picha sita ziliharibika kwa sababu hiyo tu. Dawa yake ni kupunguza mwanga kwa kipimo kimoja, au kimoja na nusu. Mwenye simu aguse mwili wa gari kwenye kioo, kisha auteremshe mwanga mpaka kunjo za bati zionekane. Jiwe litarudia weusi wake, na huo ndio ukweli wake.

Usalama na adabu

Hakuna picha inayostahili mguu wa mtu. Mwezi Machi 1986, katika mashindano ya Ureno, gari liliacha njia na kuingia katika umati uliojipanga kandokando kutazama, na watazamaji watatu wakafa. Basi mwanafunzi asisimame nje ya kona, wala chini ya gari linalopanda mteremko, maana gari likishindwa hurudi lilikotoka. Waya wa winchi ukivutwa na ukakatika hupiga kama mjeledi. Asimame mbali kuliko urefu wa waya huo. Tena mpakani, na palipo na askari, kamera ibaki mfukoni mpaka ruhusa ipatikane.

Adabu nayo ni sehemu ya fani. Tulisikia kwamba kwa ajili ya picha mojawapo dereva aliombwa kurudi topeni mara tatu, na mara ya tatu gurudumu lilibomoa tuta la shamba. Mwenye shamba hayumo katika picha, wala katika insha. Na zile picha mbili za magari yaliyozama katika matope ya Sebeya hazikupaswa kuwekwa katika fungu moja na za mchezo. Matope yale yalikuwa yametoka katika nyumba za watu.

Neno juu yetu wenyewe

Msomaji asidhani kwamba tunahukumu kutoka mahali palipo safi. Miaka mingi iliyopita, tungali vijana katika kazi, tulipanda lori la mizigo kwenda shule tuliyokuwa tukifundisha. Katika mteremko mmoja lori lilishindwa, likaanza kurudi nyuma. Utingo, kijana mwembamba, aliruka chini na jiwe mikononi, akaliweka nyuma ya gurudumu na kulisukuma kwa bega mpaka lori likasimama. Sisi tulikuwa tumekwisha kushuka, tukapiga picha.

Picha hiyo tuliitundika katika gazeti la ukutani la shule. Lakini kabla ya kuitundika tuliikata kwa mkasi upande wa kushoto, kwa kuwa tuliona kwamba mtu aliyeinama anaharibu umbo la lori. Baada ya wiki chache lori lilileta maharage shuleni, na wote wawili wakaja kuitazama. Dereva alifurahi sana. Utingo aliitazama kwa muda, kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu, na jiwe langu liko wapi?"

Hatukuwa na jibu. Filamu yake tulikuwa tumekwisha kuipoteza, na kipande kilichokatwa kilikuwa kimetupwa. Picha iliyobaki ilionyesha lori imara lililosimama juu ya mteremko kwa nguvu zake lenyewe. Hapakuwa na kitu kilichobuniwa humo, na hata hivyo ilikuwa uwongo.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba mwaka ujao picha zibandikwe nzima, bila kukatwa, na zisahihishwe pamoja na insha. Mwalimu ampe mwanafunzi maswali manne ya kuiuliza picha yake kabla ya kuileta: Nani anatenda? Anatenda nini? Ardhi inamjibuje? Na ni nani aliyemsaidia? Swali la nne ndilo tulilolisahau sisi. Mwanafunzi atakayelijibu vema, hata kama picha yake ina ukungu kidogo pembeni, tungempa alama zote.